Leptini, adiponektini na miguu iliyovimba: shajara ya mradi

Januari, wiki ya pili

Protokali inaeleza tutafanya nini. Humu nitaweka sababu, ili mwakani mtu akiuliza kwa nini hatukupima hiki au kile, jibu liwepo.

Mradi kwa ufupi: tutapima homoni mbili zinazotoka kwenye tishu ya mafuta, leptini na adiponektini, kwa watu wazima wenye moyo kufeli wanaohudhuria kliniki ya hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam. Tutazilinganisha na hali yao ya umetaboli: sukari ya kufunga, insulini, lehemu, trigliseridi, presha, kiuno. Hakuna aliyetolewa damu bado. Hii ni miezi ya kusoma, kubishana na kujaza fomu.

Kwa mwenzetu atakayejiunga katikati: mafuta ya mwilini si ghala tupu. Miaka ya 1970 huko Bar Harbor, Maine, Douglas Coleman aliunganisha mizunguko ya damu ya panya wawili wanene, mmoja wa ukoo uitwao ob na mwingine wa ukoo uitwao db. Yule wa ob akaacha kula hadi akafa kwa njaa, yule wa db akaendelea kunenepa kama kawaida. Coleman akaona kwamba db anatoa kitu cha kushibisha ambacho mwili wake mwenyewe haukisikii, na ob anakisikia ila hawezi kukitengeneza. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, likaipata jeni yenyewe. Hicho kitu ndicho leptini. Adiponektini ilielezwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, 1995, na kufikia 1996 makundi mengine kadhaa yalikuwa yameipata kila moja kwa njia yake.

Mtu akinenepa, leptini hupanda na adiponektini hushuka. Inashangaza kidogo, maana zote mbili zinatoka kwenye seli zilezile. Kwa watu ambao moyo wao ni mzima, adiponektini ndogo huandamana na kisukari cha aina ya pili, ini lenye mafuta, na insulini isiyosikilizwa na misuli. Kwa hiyo vitabu vingi vimeipa jina la homoni njema, na mwanafunzi akifika kwenye moyo uliofeli anatarajia hadithi iendelee vivyo hivyo. Haiendelei.

Januari, mwishoni

Wiki nzima nimekaa na makala ya Kistorp na wenzake, Denmark, 2005. Wagonjwa 195 wa moyo kufeli sugu, pampu dhaifu, yaani moyo unaosukuma damu kwa unyonge. Wenye adiponektini nyingi ndio waliokufa zaidi, na adiponektini ilipanda sambamba na NT-proBNP, yaani ile alama ya damu inayoonyesha moyo umetanuka na umeelemewa. Tafiti nyingine zilizofuata zimeona sura hiyohiyo. Homoni njema imegeuka dalili mbaya.

Maelezo yapo matatu, na sidhani kwamba moja linafuta mengine.

La kwanza ni kwamba moyo wenyewe unayaamrisha mafuta. Moyo uliojaa hutoa peptidi zinazosukuma chumvi na maji nje kwa mkojo, na peptidi hizo zikifika kwenye seli za mafuta huziamsha zitoe adiponektini. Kwa hiyo ukikuta adiponektini nyingi, huenda unachokisoma ni mzigo wa moyo.

La pili ni kukonda. Mgonjwa anayepoteza mafuta na misuli, adiponektini yake hupanda kwa sababu ileile inayoifanya ishuke kwa mnene. Stefan Anker na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kudhoofika kwa mwili kunatabiri kifo kwa wagonjwa hawa hata ukishahesabu umri na nguvu za moyo. Hapo adiponektini ni mpiga mbiu tu, msiba wenyewe uko kwingine.

La tatu ndilo ninalolipenda, ingawa ndilo gumu kulipima kwetu: misuli ya mgonjwa imeacha kuisikia. Vipokezi vyake viwili, AdipoR1 na AdipoR2, vilijulikana mwaka 2003 kwa kazi ya Yamauchi, Kadowaki na wenzao wa Tokyo. Walipochukua vipande vya misuli ya paja vya wagonjwa wa moyo kufeli, watafiti wa Ubelgiji walikuta dalili kwamba ujumbe unafika mlangoni na haupokelewi ndani. Mwili unapaza sauti kwa sababu hausikiwi. Sisi hatutakata nyama ya paja la mtu, kwa hiyo hili litabaki kwenye mjadala wa ripoti.

Kuna mfano wa dawa unaonisaidia kulieleza jambo hili kwa wenzangu wa kliniki. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, hupandisha adiponektini vizuri sana na kuifanya insulini isikike. Pia hufanya figo zishikilie chumvi na maji, kiasi kwamba mwenye moyo kufeli hapewi. Ukiwa unatazama adiponektini peke yake, utasema mgonjwa anaendelea vizuri huku anavimba.

Kwa hiyo swali la mradi limewekwa hivi: homoni hizi zinasema nini, ukishajua mgonjwa ana maji kiasi gani na misuli kiasi gani? Profesa kalipitisha. Kasema pia sentensi ziwe fupi.

Februari, wiki ya kwanza

Nimeshinda kliniki nikitazama tu jinsi wagonjwa wanavyopimwa. Nikitaka kujua mradi utakwama wapi, nakaa karibu na mzani.

Aliingia mama wa makamo, kanga mbili, viatu mkononi kwa sababu miguu haiingii.

"Shikamoo mama," sista akamwambia.

"Marahaba mwanangu. Umeona nilivyonawiri? Mwezi ule nilikuwa mifupa mitupu, mpaka majirani wakaanza kunisema."

Mzani ulikuwa umepanda kilo kadhaa tangu kadi ya mwezi uliopita. Sista hakubisha. Aliinama, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi wa mguu, akakishikilia hapo kidogo, akakiondoa. Shimo likabaki pale, mviringo mzuri wa kidole, likajaa taratibu kama unga uliobonyezwa.

"Mama, Lasix unameza?"

"Nameza. Ila siku ya kuja hospitali siimezi. Nitakojoa wapi kwenye daladala, mwanangu, kutoka Mbagala mpaka hapa?"

Hapo kuna utafiti mzima. Uzito wake kwenye fomu ungetupa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya mtu aliyenenepa, na mbele ya BMI hiyo tungetarajia leptini nyingi na adiponektini ndogo. Ukimtazama mabegani unaona mifupa ya mtulinga imetokeza, na mikono ya juu imesinyaa. Maji yamejaza nafasi ya nyama. Na siku tunayomwona ndiyo siku ambayo Lasix, dawa ya kutoa maji, haijamezwa, kwa sababu ya daladala, kwa hiyo siku ya kliniki inamwonyesha mzito kuliko siku zake nyingine zote.

Kiuno nacho kina shida yake. Mwongozo wa pamoja wa mwaka 2009 kuhusu kundi la dalili za kimetaboli unasema kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie kwa muda vipimo vya Ulaya: sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Muda huo umekuwa mrefu. Tuseme ni sawa. Bado tumbo lenye maji linapita 94 bila hata kitambi kuwepo. Mashine za kupitisha mkondo mdogo wa umeme mwilini ili kukadiria mafuta zinadanganywa na maji vilevile, maana zinachopima hasa ni maji.

Tulichokubaliana na sista mkuu:

Mzunguko wa mkono wa juu utapimwa kwa kila mshiriki, kwa utepe, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Maji hukimbilia miguuni na tumboni kwanza, mkono hubaki mkweli kwa muda mrefu zaidi. Nguvu ya kushika kiganja itapimwa kwa kifaa cha kubana. Uvimbe utaandikwa kwa ngazi: hakuna, kifundo, goti, paja, tumbo. Na uzito utachukuliwa siku ya kliniki na tena baada ya maji kutolewa, kwa wale watakaoongezewa dozi na kurudi. Huo wa pili ndio tutakaouita uzito mkavu na ndio utakaoingia kwenye hesabu ya BMI.

Kukonda nako hakuulizwi hivihivi. Makubaliano ya wataalamu ya 2008 yanataka kupungua kwa uzito usiotokana na maji, asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 12, pamoja na dalili nyingine kama misuli kulegea na uchovu. Nani kati ya wagonjwa wetu anajua alikuwa na kilo ngapi mwaka jana? Sista akasema tuulize nguo. Blauzi imelegea mabegani? Pete inavuka? Mkanda umeongezwa tundu upande gani? Nimeyaweka kwenye dodoso na nadhani ndiyo maswali bora tuliyonayo. La mkanda tumelifuta baadaye kwa sababu ya tumbo.

Ila mtu haulizwi "umekonda?" mbele ya foleni. Mjini hapa mtu akikonda watu wanaanza kumhesabia magonjwa, na aliyeongezeka anapongezwa. Chumba kiwe na mlango unaofungwa.

Februari, katikati

Kuhusu lile linaloitwa kinaya cha unene, kwamba wagonjwa wanene wa moyo kufeli huishi zaidi kuliko wembamba. Limezungumzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na limewapa watu wengi faraja wasiyostahili. Mwaka 2023 watafiti waliorudia takwimu za PARADIGM-HF, jaribio kubwa la dawa ya moyo kufeli, waliacha BMI wakatumia uwiano wa kiuno na urefu, kisha wakarekebisha kwa NT-proBNP na mambo mengine. Faida ya unene ikayeyuka. Nimeongeza uwiano huo kwenye fomu, hautugharimu kitu, ila kwa wenye maji tumboni tutauweka kando.

Hapo pia nimejikumbusha kwamba NT-proBNP huwa ndogo kwa wanene kuliko kwa wembamba wenye moyo wa hali ileile. Kwa hiyo mafuta yanaathiri alama ya moyo, na alama ya moyo inaathiri homoni ya mafuta. Mtakwimu wetu aliposikia hivyo alivua miwani.

Februari, mwishoni

Maombi ya kibali cha maadili yamepelekwa. Tunangoja.

Machi

Ramadhani imeingia na masika yananyemelea. Tulikuwa tumepanga damu itolewe asubuhi, mgonjwa akiwa hajala tangu usiku. Kwa mwezi huu mpango huo hauna maana.

Leptini ina saa yake. Hupanda usiku, kileleni ni kati ya usiku wa manane na alfajiri, kisha hushuka, na chini kabisa ni mchana. Saa hiyo hufuata mlo: waliohamishiwa nyakati za kula kwa saa kadhaa, wimbi lao la leptini lilihama nalo. Mtu anayefuturu magharibi, akala tena usiku na daku kabla ya alfajiri, akija kliniki saa 2 asubuhi hana "kufunga usiku" kwa maana ya maabara. Amekula saa chache zilizopita, kisha ndiyo kwanza ameanza kufunga. Insulini na trigliseridi zake zitasoma kitu kingine kabisa. Adiponektini haina wimbi kubwa hivyo, ila hatuwezi kutoa damu kwa ajili ya homoni moja.

Wagonjwa wengine wa moyo wanafunga hata pale daktari amewashauri wasifunge, na hawasemi. Tumekubaliana: hakuna kusajili mtu ndani ya Ramadhani wala wiki ya kwanza baada ya Idi. Saa ya kutoa damu iwe kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na saa ya mlo wa mwisho iandikwe na mgonjwa mwenyewe aulizwe alikula nini. Kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari ni mlo. Andazi la njiani ni mlo. Nimesisitiza kwa sababu chai huku haihesabiwi na mtu.

Na kwa kuwa tunawafungisha watu wagonjwa wanaotoka mbali, bajeti ina nauli na kifungua kinywa: chai, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi au chapati. Chumvi isiwekwe mezani.

Hesabu ya washiriki. Ukitaka kuugundua uhusiano wa 0.3 kati ya vipimo viwili, kwa nguvu ya takwimu ya asilimia 80 na kiwango cha kosa cha asilimia 5, watu 85 wanatosha. Lakini wanawake wana leptini nyingi kuliko wanaume hata wakiwa na BMI moja, na adiponektini yao pia ni zaidi. Kuwachanganya ni kujitafutia jibu la jinsia ukidhani umepata jibu la moyo. Kwa hiyo 85 kwa kila upande, 170 jumla, na ziada kidogo kwa sampuli zitakazoharibika.

Umri nao. Wadenmark wa Kistorp walikuwa na wastani wa miaka 69. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2014, wagonjwa 427, ulikuta wastani wa miaka 55, na chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. THESUS-HF, wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika, wastani ulikuwa 52, na mishipa ya moyo iliyoziba ilikuwa chanzo kwa wachache sana. Kwetu moyo hufeli mapema, kwa presha iliyoachwa, homa ya baridi yabisi ya utotoni, misuli ya moyo iliyolegea baada ya kujifungua. Adiponektini huongezeka kadiri umri unavyosogea na figo zinavyochoka, kwa hiyo namba za Ulaya hazihamishiki hapa kama zilivyo. Kreatinini imeongezwa kwenye orodha ya vipimo. Himoglobini pia, maana upungufu wa damu kwa wagonjwa wetu ni mwingi na unauchosha moyo kwa njia yake.

Aprili, wiki ya pili

Seti za ELISA, yaani vifaa vya kupimia homoni kwa kubadilika rangi, zimefika. Safari yake sitaki kuisimulia yote. Wakala mmoja wa mizigo alituhakikishia kwamba boksi litakaa kwenye baridi, tulipolifungua vifuko vya barafu vilikuwa maji ya uvuguvugu. Kipimajoto kidogo kilichomo ndani kilisema joto lilipanda siku ya mwisho tu. Mtengenezaji kaandikiwa, kajibu kwamba kwa muda huo bado zinafaa, na kwa kuwa neno lake si kipimo, tumeamua kutoa sahani moja kafara kwa majaribio.

Siku ya majaribio ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote mpaka sasa. Sahani ina vishimo 96. Viwango vinavyojulikana, vinane, kila kimoja mara mbili, vinachukua 16. Sampuli za udhibiti vishimo 4. Vinabaki 76, yaani wagonjwa 38 kwa sahani, kila mmoja mara mbili. Wagonjwa 170 wanataka sahani 5 kwa leptini na 5 kwa adiponektini. Hatukutumia damu ya mtu, tulitumia viwango na vidhibiti vilivyokuja na seti, kwa sababu kibali hakijatoka.

Adiponektini kwenye damu huwa mikrogramu kadhaa kwa mililita, wakati leptini ni nanogramu. Tofauti ni kama mara elfu. Leptini unaipima karibu kama ilivyo. Adiponektini usipoizimua sana, kila kishimo kitakuwa cheusi na utasoma ukuta. Kuzimua mara moja kwa mruko mkubwa ni kukaribisha makosa: tone la mikrolita mbili likibaki kwenye ncha ya pipeti, umepoteza kila kitu. Tunazimua kwa hatua, moja kwa kumi, tena moja kwa kumi, na kuendelea, kila hatua ncha mpya, kila hatua kichupa kinapinduliwa taratibu bila kutikiswa kwa fujo, maana povu kwenye kishimo huisumbua taa ya mashine. Mtu wa lab ana sindano yake ya kutoboa mapovu, hamwazimi mtu.

Ukiongeza kimiminika cha rangi, vishimo huanza kuwa vya bluu, hafifu upande wa viwango vidogo, bluu ya wino upande wa vikubwa. Unasubiri. Kisha unatia tindikali, na safu nzima inageuka njano mbele ya macho yako, kishimo kwa kishimo, kwa mpangilio uleule uliotia rangi. Mashine inasoma kwa nanomita 450. Mchoro ulitoka mzuri, vidhibiti viliingia ndani ya mipaka, na jozi za vishimo zilikubaliana. Sharti letu ni tofauti ya jozi isizidi asilimia 10. Ikizidi, sampuli inarudiwa. Seti zimepona safari.

Swali la kupima adiponektini yote au ile ya uzito mkubwa tu limeamuliwa na mfuko. Protini hii huzunguka katika vifungu vya watatu, vya sita, na vifungu vikubwa zaidi, na hivyo vikubwa ndivyo vinavyohusiana zaidi na kazi ya insulini. Seti yake ni ghali. Tutapima yote, na kuhifadhi kichupa cha ziada cha kila mtu, endapo fedha itapatikana.

Nyingine ndogo: plazima (maji ya damu yaliyotengwa na seli) yenye wekundu haitumiki kwa insulini. Seli nyekundu zikipasuka humwaga kimeng'enya kinachoila insulini, na namba inashuka bila sababu ya mgonjwa. Kwa leptini haina neno sana. Mtoa damu afundishwe kutofunga mpira wa mkono muda mrefu na kutovuta bomba la sindano kwa nguvu.

Aprili, mwishoni

Umeme ulikatika usiku, jenereta ikawaka, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haikupanda kwa kiasi cha kutisha. Hata hivyo tumeamua vichupa vya kila mgonjwa vigawanywe kwenye friza mbili za majengo mawili.

Mei

Mwezi wa leptini. Mpaka sasa nimeiandika kama ndugu mdogo wa adiponektini, na si haki.

Leptini haiishii kwenye shibe. Huamsha mishipa ya fahamu inayopandisha presha na mapigo, na imeonekana kuzichochea tezi za juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayoshikilia chumvi. Mwaka 2018 Milton Packer alipendekeza kwamba kwa mnene ambaye moyo wake unasukuma vizuri ila umekakamaa, huo ndio mnyororo wenyewe: mafuta mengi, leptini nyingi, aldosteroni nyingi, chumvi na maji, moyo mgumu. Ni hoja, haijawa hukumu, lakini inaeleza kwa nini spironolaktoni, dawa inayoizuia aldosteroni, inaonekana kuwafaa baadhi ya wagonjwa hao.

Kwa mradi wetu maana yake ni kwamba hatuwezi kumwaga wagonjwa wote kwenye kapu moja. Mwenye pampu dhaifu aliyekonda na mwenye pampu inayosukuma vizuri aliyenenepa wana ugonjwa wenye jina moja tu. Kila mshiriki lazima awe na kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, cha hivi karibuni, na asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo iandikwe: 40 kushuka chini, 41 hadi 49, 50 kwenda juu.

Mwenzangu mmoja wa idara ya kisukari alinibana chai ya saa nne. Kwa nini tusipunguze tu unene, tukaacha hizi homoni? Ana hoja. STEP-HFpEF, 2023, watu 529 wenye moyo uliokakamaa na BMI ya 30 au zaidi. Waliochomwa semaglutidi, dawa ya kupunguza uzito, kila wiki kwa mwaka mmoja walipungua uzito kwa asilimia 13.3, wenzao wa dawa bandia asilimia 2.6, na waliotumia semaglutidi walijisikia nafuu zaidi na kutembea mbali kidogo zaidi kwa dakika sita. Nikamwambia hao ni wanene waliothibitishwa, na wenye pampu dhaifu hawakuhusika. Nusu ya wale ninaowaona kwenye benchi letu ukiwapunguza kilo, unawapunguza misuli. Na kwa bei ya madukani hapa wengi wao hawaisogelei hiyo sindano. Tuliachana bila mshindi. Yeye alilipa chai.

Dapagliflozini ni habari tofauti. DAPA-HF, 2019, wagonjwa 4,744: kifo cha moyo au hali kuzidi kuwa mbaya vilipungua kwa asilimia 26, wawe na kisukari au wasiwe nacho. Baadhi ya wagonjwa wetu wameanza kuipata. Dawa hii hutoa sukari na chumvi kwa mkojo, hupunguza uzito kidogo, na inaweza kuzisogeza homoni zetu. Fomu ya dawa imerefuka: jina, dozi, na tarehe ya kuanza. Kwa wanaojichoma insulini, hesabu ya HOMA ya kukadiria jinsi mwili unavyoisikia insulini, yaani sukari ya kufunga mara insulini gawanya kwa 22.5, haifanywi kabisa, kwa sababu insulini inayopimwa si ya kongosho lao.

Juni

Kibali kimetoka, na sharti moja: fomu ya ridhaa ieleze wazi kwamba damu itahifadhiwa kwa vipimo vya baadaye, na mshiriki aweze kukataa hilo peke yake bila kutoka kwenye utafiti. Ni sharti la haki. Tumeongeza kisanduku.

Lililobaki mezani ni wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Rasimu ya awali iliwaacha nje ili hesabu iwe safi. Dawa za zamani kama stavudini zilikausha mafuta ya mashavuni na miguuni na kuishusha adiponektini. Walionusurika na miaka hiyo bado wana alama. Za sasa zenye dolutegraviri zimehusishwa na kuongezeka uzito. Ukiwatoa wote hao, unabaki na kliniki ambayo haipo. Sista mkuu alisema hivyo kwa maneno machache kuliko yangu, na Profesa akakubaliana naye: wanaingia, dawa zao za sasa na za zamani zinaandikwa, na mtakwimu atawachambua pamoja na wengine, kisha bila wao, ili tuone matokeo yanasogea kiasi gani.

Usajili unaanza Jumanne, siku ya kliniki ya marudio. Washiriki wanne kwa siku, wasizidi, mpaka tuone kama mtu wa lab anamudu kuzungusha damu na kuigandisha ndani ya saa moja. Vifungua kinywa vimeagizwa. Choo cha karibu na chumba cha kutolea damu kimewekwa kufuli na ufunguo uko kwa sista, ili wanaokuja kwetu wameze Lasix yao wakishafika, si kesho yake. Utepe wa kupimia mkono umenunuliwa wa pili, maana wa kwanza umeshaenda wodi ya watoto.